Nyumba kwa Macho ya Mtoto Kiziwi

Waswahili husema sikio halilali na njaa. Methali hii hutumiwa kwa mzaha, juu ya watu wasiokosa habari za mtaani, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya elimu. Sehemu kubwa ya anayoyajua mtoto hakufundishwa na mtu yeyote; aliyaokota. Alimsikia mama akimlalamikia fundi kwamba dirisha limekaa juu mno, akamsikia baba akibishana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, akawasikia mafundi wakiagizana: lete timazi, angalia pima maji, boriti hii imepinda. Siku anapoambiwa darasani kwamba paa hubebwa na kuta na nguzo, tayari ana akiba ya maneno ya kuyapokea maarifa hayo. Mtoto kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia alikuwa katika ua uleule siku zote hizo, akiwatazama mafundi walewale. Aliyaona yote, na majina ya yale aliyoyaona hayakumfikia.

Kiswahili chenyewe kimelipa sikio cheo kikubwa. Mtu husikia sauti, na pia husikia njaa, baridi, harufu na maumivu. Mtoto mtiifu huitwa msikivu, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lugha yenye mazoea hayo humfanya msemaji wake adhani kuwa asiyesikia kwa sikio amekosa zaidi ya sauti, kana kwamba amekosa na utambuzi. Usanifu majengo ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo, kwa sababu jengo ni kitu kinachotambuliwa kwa macho, kwa ngozi na kwa nyayo kabla ya kuelezwa kwa maneno. Kama kuna fani ambamo mtoto kiziwi angetarajiwa kuingia bila kubisha hodi, ni hii. Hata hivyo, mlango wake kwa muda mrefu umekuwa mzito kwake, na sababu za uzito huo zinastahili kuangaliwa moja moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba majengo yenyewe yamesanifiwa na watu wanaosikia, kwa ajili ya watu wanaosikia, wasijue kuwa wamefanya hivyo. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini zaidi katika Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi kilichopewa mamlaka ya kutoa shahada mwaka 1864 kwa sheria iliyotiwa saini na Abraham Lincoln. Mwaka 2005 msanifu majengo Hansel Bauman, pamoja na walimu na wanafunzi wa masomo ya viziwi na Lugha ya Alama ya Marekani, walianza kazi iliyokuja kuitwa DeafSpace. Hawakuanza na vipimo vya wataalamu. Walianza na swali: watu wanaozungumza kwa mikono huishije ndani ya chumba? Majibu yaliyokusanywa katika miaka iliyofuata yalizaa mwongozo wenye vipengele zaidi ya 150, vilivyopangwa katika mada tano: nafasi na ukaribu, upeo wa hisi, mwendo, mwanga na rangi, na mwenendo wa sauti.

Ukivisoma vipengele hivyo kwa utaratibu, unaanza kuliona jengo la kawaida kwa macho mapya. Wawili wanaozungumza kwa alama wanahitaji kusimama mbali kidogo kuliko wanaonong'onezana, ili kila mmoja auone uso, mikono na kiwiliwili cha mwenzake. Wakitembea huku wakizungumza, kila mmoja humtazama mwenzake, na kwa hiyo macho hayako njiani. Ujia mwembamba huwalazimisha wafuatane kama siafu, na mazungumzo hukatika. Ngazi huwakatiza zaidi kuliko mteremko mpana. Pembe kali ya ukuta ni hatari, kwa kuwa asiyesikia nyayo za anayekuja upande wa pili hawezi kujua kuwa atagongana naye, mpaka pembe hiyo ipunguzwe au iwekwe kioo. Mwanga unaotoka nyuma ya msemaji huufanya uso wake kuwa kivuli, na uso ni sehemu ya sarufi. Ukuta wenye rangi zilizotulia za samawati au kijani huifanya mikono, ya ngozi nyeusi au nyeupe, ionekane bila kuyachosha macho. Sakafu inayopitisha mtikisiko humwarifu aliyeketi kwamba mtu ameingia. Hata mwangwi una nafasi yake: anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia, au kifaa kilichopandikizwa ndani ya sikio, huteswa na chumba kinachorudisha kelele, kwa sababu kifaa hukuza kila kitu.

Bweni lililofunguliwa Gallaudet mwaka 2012, kazi ya kampuni ya LTL Architects, lilijengwa kwa fikra hizo. Ukumbi wake wa chini unashuka kwa ngazi pana kufuata mteremko wa ardhi, hata walioketi nyuma waione mikono ya anayezungumza mbele. Kwa mgeni anayesikia, hakuna kinachotangaza kwamba hili ni jengo la ulemavu. Ni jengo lenye mwanga na lenye nafasi, na huenda akatoka asijue kwa nini alijisikia vizuri ndani yake.

Haya hayapaswi kumfanya msomaji adhani kwamba viziwi waliingia katika usanifu majengo juzi tu, kwa hisani ya mradi wa chuo. Olof Hanson, aliyezaliwa Sweden mwaka 1862 na kukulia Minnesota, alipoteza usikivu utotoni, akahitimu Gallaudet mwaka 1886, akawa msanifu majengo mwenye kazi nyingi. Jumba la Charles Thompson huko St. Paul, lililofunguliwa mwaka 1916 kama ukumbi wa jumuiya ya viziwi, ni kazi yake. Thomas Marr wa Nashville, aliyezaliwa mwaka 1866, naye kiziwi na mhitimu wa Gallaudet, alishirikiana na Joseph Holman, aliyekuwa akisikia, katika kampuni iliyobadilisha sura ya mji huo. Jengo la posta walilolisanifu katika miaka ya 1930 leo ni jumba la sanaa la Frist. Watu hao wawili walifanya kazi katika kizazi kilichofuata mkutano wa Milano wa mwaka 1880, ambapo waelimishaji, karibu wote wakiwa wanasikia, waliamua kuwa watoto viziwi wafundishwe kwa midomo na lugha za alama ziwekwe kando. Hanson mwenyewe alikuwa rais wa Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani kuanzia 1910 hadi 1913, na alizitetea alama hadharani. Mtoto kiziwi anayeoneshwa picha ya Jumba la Thompson na kuambiwa nani aliyelichora hujifunza mambo mawili kwa pamoja, na la pili huenda likamfaa zaidi kuliko la kwanza.

Sababu ya pili ya uzito wa mlango ni istilahi. Hapa wasomi wa Kiswahili hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ni njia waliyoipita wenyewe. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa Tanzania mwaka 1967, mjadala haujakoma: neno la kitaalamu likopwe, litafsiriwe, au liundwe upya kutokana na mizizi ya lugha? Nani ana haki ya kuliunda? Na neno lililoundwa mezani bila watumiaji litaishi? Maswali hayohayo yanaikabili lugha ya alama inapoingia darasa la usanifu. Maneno kama mkato wa jengo, umbo la mbele, mhimili na uwiano yanapokosa alama zake, mkalimani hulazimika kuyataja kwa herufi za vidole, moja baada ya moja, huku mwalimu akiwa amekwishafika sentensi ya tatu. Mwanafunzi hupata tahajia ya neno na kulikosa wazo. Mkalimani mwingine, kwa nia njema, hubuni alama yake palepale. Wiki inayofuata huja mkalimani tofauti na alama tofauti, na mtoto huachwa na visawe viwili vya kitu ambacho bado hajakielewa.

Uingereza kumekuwa na jibu la kutia moyo katika mradi uitwao Signstrokes, ulioanzishwa na Chris Laing na Adolfs Kristapsons, viziwi wawili wa fani ya usanifu majengo, ili kuunda na kusambaza alama za fani hiyo katika Lugha ya Alama ya Uingereza. Jambo la kuzingatia ni nani anayeziunda. Anayeijua fani na pia anaiota lugha hiyo usingizini huchagua alama inayobeba maana: mkono unaoonesha mkato wa jengo unaweza kulikata jengo hewani na kulifungua, hata mtoto akaona kuwa mkato ni kama papai lililopasuliwa. Herufi za vidole haziwezi kufanya hivyo. Ikumbukwe pia kwamba alama hizo haziwezi kuhamishwa tu kwenda Marekani. Lugha ya Alama ya Uingereza na ile ya Marekani ni lugha mbili mbalimbali, hata herufi zake za vidole hazifanani: Waingereza hutumia mikono miwili, Wamarekani mmoja. Kila jumuiya ina kazi yake ya istilahi, kama ilivyo kwa lugha nyingine yoyote.

Tangu William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet, alipochapisha uchambuzi wake wa muundo wa lugha ya alama mwaka 1960, wanaisimu wameeleza jinsi lugha hizi zinavyoitumia nafasi kama sehemu ya sarufi. Anayeeleza chumba kwa alama huweka mlango hapa, kitanda pale, dirisha kule, na mahali alipoviweka hubaki na maana hadi mwisho wa mazungumzo. Kwa maneno mengine, huwa anachora ramani ya chumba hewani. Utafiti wa Karen Emmorey na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulionesha kwamba watumiaji wa Lugha ya Alama ya Marekani, viziwi kwa wanaosikia, walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya majaribio ya kujenga na kugeuza taswira akilini. Kuwemo kwa wanaosikia katika matokeo hayo kunafundisha: faida ilitokana na lugha. Mtoto kiziwi aliyenyimwa lugha ya alama hapati faida hiyo kwa sababu tu ni kiziwi. Anayeipata mapema huja kwenye meza ya usanifu akiwa na chombo ambacho wenzake hufundishwa kwa taabu.

Sababu ya tatu ni namna ya kufundisha, na hapa kosa la kawaida ni kudhani kuwa mkalimani akishaajiriwa, kazi imekwisha. Macho hayana pazia, ndivyo wasemavyo Waswahili, lakini hayawezi kutazama mahali pawili. Mtoto anayesikia huangalia mchoro huku akimsikiliza mwalimu. Mtoto kiziwi hulazimika kuchagua: akiutazama mchoro anayakosa maelezo, akiyafuata maelezo anaukosa mchoro. Taa zikizimwa ili picha za ukutani zionekane, mkalimani hutoweka gizani. Watoto wakitembezwa mjini, kiongozi akatembea huku akieleza na kunyosha kidole juu kwenye nakshi ya mlango, walio viziwi hufika mwisho wa matembezi wakiwa wameona migongo mingi.

Marekebisho yake hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji subira. Mwalimu hueleza kwanza, hunyamaza, kisha huonesha. Huwapa macho muda wa kwenda na kurudi. Viti hupangwa nusu duara, kila mtoto amwone mwenziwe, kwa kuwa maswali ya wenzake nayo ni sehemu ya somo. Mtoto anapokuwa anakata karatasi au kubandika ukuta wa mfano wa nyumba, haambiwi neno, kwa sababu mikono yake na macho yake yana shughuli. Anayetaka usikivu wa darasa huwasha na kuzima taa, au hugonga meza. Na inapowezekana, mwalimu mwenyewe huwa kiziwi, ili somo lisipitie kwa mtu wa tatu. Watoto wanaosikia waliomo darasani humo hawapungukiwi na kitu. Wengi hunufaika na mwalimu asiyezungumza akiwa ameupa mgongo umma.

Inabaki familia, na labda ndiyo iliyo muhimu kuliko yote. Marekani, zaidi ya watoto viziwi tisa katika kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao wengi wao hawajawahi kukutana na kiziwi kabla ya mtoto wao. Kwa familia ya Kiswahili iliyohamia Minneapolis au Birmingham, jambo hili lina tabaka jingine. Nyumbani wanazungumza Kiswahili. Shule ya mtoto inatumia Kiingereza na lugha ya alama. Masomo ya alama yaliyotengwa kwa wazazi hutolewa kwa Kiingereza, ambacho kwa mama huenda kikawa lugha ya tatu. Bibi aliye Tanga au Mombasa, anayezungumza na wajukuu kwa simu, hana lugha yoyote anayoshirikiana na mjukuu huyu, isipokuwa sura yake kwenye kioo. Mtoto anaweza kukua ndani ya mapenzi tele na bado akawa mgeni mezani, akiwaona watu wakicheka na kuuliza nini kimesemwa, akijibiwa kuwa ataelezwa baadaye.

Somo la usanifu linaloialika familia nzima lina uwezo wa pekee hapa, kwa kuwa halimtangulizi aliye na maneno mengi. Kazi ya kwanza inaweza kuwa rahisi: kila mmoja achore ramani ya nyumba wanamoishi, kisha aweke alama mahali anapopenda kukaa. Baba atakapoona kwamba mtoto amechagua kiti cha pembeni, kinachoutazama mlango na kilichopewa mgongo na ukuta, atakuwa amepata habari ambayo labda hakuwahi kuipata kwa miaka. Mtoto huchagua pale kwa sababu ndipo pekee asiposhtukizwa. Kutoka hapo mazungumzo huwa ya vitendo: meza ya mstatili ibadilishwe kwa ya duara ili nyuso zote zionekane, taa ihamishwe isiwe nyuma ya mama, kabati linaloziba mlango wa jikoni lisogezwe, kengele ya mlango iunganishwe na taa. Mtoto aliyeshiriki kuipanga upya nyumba yao amefanya usanifu wa kweli, na wateja wake wa kwanza ni wazazi wake.

Wazazi nao wana cha kuleta. Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo wengi wa wasomaji hawa wameisoma au wamelala ndani yake, ni kitabu kizuri cha kufundishia. Upana wa vyumba vyake uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, na mtoto anaweza kulithibitisha hilo kwa vijiti na kadibodi bila sentensi moja. Katika daka, mabaraza mawili yametazamana: waliokaa huonana nyuso, na humwona apitaye kichochoroni kabla hajafika. Mtoto kiziwi angelisifu. Lakini nyumba hiyohiyo, kila inapoingia ndani kutoka kiwanda kwenda msana na kwenda ndani, hupoteza mwanga, na mwishoni mazungumzo ya mikono yangehitaji taa mchana. Angelisema hilo pia. Urithi uliowekwa mezani ili ukaguliwe na macho ya mtoto humheshimu mtoto na urithi kwa pamoja, na bibi aliye kwenye simu anaweza kuizungusha kamera yake amwoneshe mjukuu baraza lenyewe.

Uhusiano wa Gallaudet na Afrika si mgeni. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyehitimu huko mwaka 1954, alifungua shule ya viziwi Accra mwaka 1957, na hadi alipofariki mwaka 1987 alikuwa ameanzisha zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za bara hili. Sheria nazo zimesogea: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja ukuzaji wa lugha ya alama, na ile ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Uingereza ilipitisha Sheria ya Lugha ya Alama mwaka 2022. Sheria hizi hufungua mlango wa ofisi. Hazijafika kwenye meza ya kuchorea, mahali panapoamuliwa ujia uwe na upana gani na dirisha likae wapi.

Wapo watakaouliza kama gharama hii yote ni ya haki kwa kundi dogo. Swali si la kubeza, maana wakalimani ni wachache na fedha za shule zina wanaozigombea wengi. Lakini hesabu yake ifanywe yote. Mtoto ambaye hakupata majina ya vitu akiwa na umri wa miaka minne hulipa deni hilo darasani miaka kumi na miwili, na jengo lililokosewa hukaa miaka hamsini likimkosea kila anayeingia. Wengine, miongoni mwa viziwi wenyewe, huhofia kwamba majengo yao yakiwa mazuri mno watafungiwa humo, mbali na dunia. Hofu hiyo nayo ina mizizi katika historia. Jibu lake halimo katika kujenga vibaya. Limo katika kuhakikisha kwamba watoto wanaojifunza kusoma ramani leo ndio watakaoketi kesho katika kamati za ujenzi za shule za kawaida, hospitali na vituo vya mabasi, wakiuliza mapema, kabla zege halijamwagwa, ni nani atakayesimama pembeni mwa ukuta huu asijue nani anakuja.